Mzazi na Daftari la Mtoto

 

Leo tufikiri pamoja juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi. Mama ametoka kazini, amepanga foleni ya feri, anafika Likoni saa moja usiku. Chakula hakijapikwa. Mtoto wa darasa la pili anamngoja na daftari: "Mama, mwalimu amesema unisaidie." Mama aitazama hesabu ile, haielewi. Anaona aibu, aibu inageuka hasira, na hasira inamwangukia mtoto.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Wazazi wengi walisoma katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, ambao mtihani wake wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023. Mtaala wa umilisi, ulioenea nchini kuanzia mwaka 2019, unataka mtoto ajifunze kwa kutenda, na mzazi awe karibu. Mwaka 2021 wakili Esther Ang'awa aliupeleka mtaala huo Mahakama Kuu, na wazazi wengi waliokuwa wakinung'unika nyumbani wakaona wamepata msemaji.

Lakini tuitazame hesabu yenyewe. 52 toa 27. Sisi tulifundishwa kwamba 2 haiwezi kutoa 7, basi nenda ukakope kwa jirani. Tukakopa, wala hatukuuliza kwa nini jirani yule hakudai deni lake! Siku hizi mtoto huonyeshwa kwamba 52 ni makumi 5 na mamoja 2. Chukua chelewa za ufagio, uzikate vipande vifupi. Funga mafungu 5, kila fungu vipande 10, na vipande 2 uviweke kando. Sasa fungua fungu moja: una mafungu 4 na vipande 12. Ondoa vipande 7, vinabaki 5. Ondoa mafungu 2, yanabaki 2. Jibu ni 25. Hakuna aliyekopa. Hesabu ni ile ile uliyoijua zamani.

Ila fungu hilo na alifungue mtoto mwenyewe. Wako wazazi wanaoifanya kazi yote, na wengine humlipa kijana wa saiba achore na kupamba. Kesho yake mwalimu anasahihisha kazi ya baba, wala hajui mtoto amekwama wapi. Afadhali uandike chini ya daftari, "Hapa tumeshindwa." Mwalimu mwema atashukuru.

Na kama hujui kabisa? Kaa hapo hapo. Mwambie, "Mwanangu, nionyeshe mwalimu alivyofanya." Akikueleza, yeye mwenyewe ataona alipopotea. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kufanya hivyo, bila ndara mkononi.

Someni Luka sura ya 2. Yusufu na Mariamu walimkuta Yesu, mwenye miaka kumi na miwili, kati ya waalimu hekaluni, akisikiliza na kuuliza maswali. Luka anasema waziwazi kwamba wazazi wake hawakuelewa neno alilowaambia. Lakini alishuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii. Kutoelewa kwao hakukuwaondolea uzazi wao.

Tena tunao mfano wetu hapa Kisauni. Frere Town iliundwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Wengi walifika bila kujua herufi hata moja, na watoto wao wakaingia shule. Mmoja wa watoto hao, James Mbotela, alikuwa mwalimu, akaandika kitabu "Uhuru wa Watumwa," kilichotoka mwaka 1934. Habari za kukamatwa na kukombolewa hakuziona kwa macho yake, maana alikuwa hajazaliwa. Zilitoka vinywani mwa wazee. Siku hizi pia mtoto huagizwa aulize habari za ukoo wake. Kazi hiyo hakuna kijana wa saiba awezaye kuifanya.

Na tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke wazazi walio kivukoni saa hii, na watoto wanaowangoja kando ya taa. Uwape uvumilivu wa usiku huu mmoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.