Jibondo: Mwamba na Wenye Mwamba

Jibondo haina shamba la maana. Kisiwa hiki kidogo, kusini mwa Mafia, ni jiwe la matumbawe ya kale lililoinuka juu ya maji, na udongo wake mchache haulishi kijiji. Kwa miaka mingi hata maji ya kunywa yalivushwa kwa mashua kutoka ng'ambo. Ndiyo maana watu wake ni wa bahari: huvua, na mafundi wao wa kuunda vyombo wana sifa Mafia nzima. Mgeni anayeshuka hapo na miwani yake ya kuzamia ayajue hayo kabla hajauliza nani ameharibu mwamba.

Tumbawe ni mnyama, au tuseme ukoo wa vijinyama laini walioshikana, kila mmoja akijijengea kikombe cha chokaa. Mwilini mwake kijinyama hufuga mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani hutengeneza chakula kwa jua, humgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki, tena humtia rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la kilele cha kaskazi kwa digrii 1 tu ya Selsiasi, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, ujirani huo huvunjika. Mwani hutolewa nje, tumbawe hupauka. Hapo bado li hai, ila lina njaa. Maji yakipoa mapema mwani hurudi. Yakichelewa, tumbawe hufa.

Mwaka 1998 yalichelewa. Joto la El Niño lilipita Bahari ya Hindi magharibi kati ya Machi na Mei, na kwenye miamba ya Mafia kama Tutia matumbawe mengi yakafa. Duniani kote iliharibika vibaya takriban asilimia 16 ya miamba. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye kilomita za mraba 822, ilikuwa na umri wa miaka 3 tu. Askari wa doria anaweza kumkamata mwenye juya. Joto hana pa kulikamatia. Wala hakuna mvuvi wa Jibondo aliyeipasha bahari moto.

Basi hifadhi ya nini? Kazi yake huonekana baada ya msiba. Watoto wa matumbawe huelea na mkondo wakitafuta jiwe safi, lililotulia, la kushika. Pono ndiye anayelisafisha, kwa kuguguna mwani unaoota juu ya mifupa ya matumbawe. Kikande naye hula wale wadudu wa miiba myeusi wanaochoma miguu, ambao wakizidi huutafuna mwamba wenyewe. Vua pono na kikande wote, mwamba uliokufa utabaki umekufa. Baruti ni mbaya zaidi, maana huacha kifusi kinachobiringika kila maji yakijaa na kupwa, na juu ya kifusi hakuna kinachoshika. Matumbawe ya matawi huweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka. Yale ya mviringo huongeza kama sentimita 1 kila upande, kwa hiyo bonge la upana wa mita 2 lina karne nzima.

Wanavisiwa waliujua ubaya wa baruti zamani. Wengi waliunga mkono hifadhi ya mwaka 1995 wakitumaini itawaondolea wapiga baruti kutoka bara. Baadaye masharti yakawageukia wao, sehemu za kuvulia zikafungwa, na Jibondo ikawa kijiji kilichopinga kwa sauti kubwa kuliko vingine. Kwa maoni yangu walikuwa na hoja: huwezi kumnyang'anya mtu asiye na shamba bahari yake, kisha ukamtaka awe mlinzi wake.

Nawe msomaji ukifika huko, usikanyage tumbawe hata ukichoka kuogelea. Mwambie nahodha afunge kwenye boya, asitupe nanga mwambani. Kisha uliza, bila haya, ada ya hifadhi uliyolipa inafika kijijini kiasi gani.