Kalafati, Sili na Lugha ya Mafundi

Wapo wenzangu wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakina msamiati wa ufundi. Dai hilo halisimami mbele ya jahazi lililopandishwa pwani kule Matondoni, kisiwani Lamu. Fundi hushindilia pamba yenye mafuta baina ya mbao, na kazi hiyo huitwa kutia kalafati. Tumbo la chombo hupakwa deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na kalafati ina jamaa zake hata katika Kireno. Nani leo huyaita ya kigeni?

Siku hizi vyombo vingi vya Lamu husukumwa kwa injini, na pamoja na maji yanayoingia kuna oili inayotoka. Lugha nayo imepokea gasketi, sili, nati na spea. Sioni ubaya wowote.

Upungufu ninaouona ni wa usahihi. Anayesema "injini inavuja" hajasema kitu. Fundi hodari huifuta injini ikakauka, huiwasha kwa muda, kisha hutafuta mahali pa juu kabisa palipolowa, kwa kuwa oili huteremka na kumhadaa mtazamaji. Ikiwa ni kwenye kifuniko cha vali, huenda nati zimelegea; hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, maana nguvu nyingi hupinda kifuniko. Ikiwa gasketi imekakamaa, hubadilishwa. Ikiwa ni penye ncha ya krankshafti, yamkini sili imechakaa.

Sili, aghalabu, huwa imepigwa chapa ya vipimo vitatu kwa milimita: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, tuseme 35, 52 na 7. Sili ya injini nyingine yenye vipimo hivyo, mpira wa namna hiyo na mdomo ulioelekea upande uo huo, yaweza kufaa. Yenye 36 mahali pa 35 haifai. Na spea itokayo Mombasa hushushwa Mokowe, bara, ndipo ivushwe kwa boti. Tarakimu moja ikikosewa, mvuvi hukaa siku kadhaa bila kwenda baharini, au huenda hivyo hivyo, oili ikidondoka ndani ya ngama na kutekwa pamoja na maji hadi kwenye mikoko wanamokulia samaki.

Ningependa walimu wa insha wawapeleke wanafunzi gatini na madaftari, waandike barua ya kuagiza spea kwa muuzaji wa Mombasa asiyewahi kuiona injini hiyo.