Magari ya umeme: Umbo la bodi linavyoamua bei, umbali na soko

Magari ya umeme yaliyouzwa duniani mwaka 2024 yalizidi milioni 17, ukihesabu pia yale yenye injini ya petroli na betri ya kuchaji kwa waya. China pekee ilichukua zaidi ya milioni 11. Katika kila magari mapya matano yaliyopata mnunuzi mwaka huo, moja lilikuwa la aina hii. Bei ya betri nayo imeporomoka. Mwaka 2010 kilowati-saa moja ya betri iligharimu zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115. Betri nzuri na mota nzuri si siri ya kampuni moja tena. Ushindani umehamia kwenye bodi, kwa kuwa bodi ndiyo inayoamua gari litauzwa bei gani, litafika wapi kwa chaji moja na litatengenezwa na fundi wa aina gani.

Wanunuzi wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulifuatilia jambo hili mapema. Magari mengi ya barabara zetu huingia yakiwa yameshatumika kwingine, na Kenya inaruhusu yasiyozidi umri wa miaka minane. Gari linalochorwa leo Yokohama, Seoul au Shenzhen ndilo litakaloshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam katika muongo ujao.

Injini imeondoka, betri imelala sakafuni

Kwa zaidi ya miaka 100 injini ndiyo iliyochora gari. Boneti ilirefuka ili kuifunika, shoo ya mbele ikaachwa wazi ili rejeta ipate hewa, na sakafu ikainuliwa katikati kupitisha shafti na eksozi. Mota ya umeme ni ndogo, haina eksozi na haihitaji hewa nyingi ya kupoza. Mchoraji amepewa nafasi ambayo waliomtangulia hawakuwahi kuipata.

Hyundai Ioniq 5 ya mwaka 2021 inaonyesha faida hiyo. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ina mita 3, umbali unaozidi wa Palisade, gari kubwa la familia la kampuni hiyohiyo. Magurudumu yamesogezwa pembeni kabisa, sakafu ni bapa, na abiria wa nyuma ananyoosha miguu kama aliye kwenye gari la daraja la juu zaidi.

Lakini betri nayo ina masharti yake. Ni bamba zito la mamia ya kilo lililolazwa chini ya miguu ya abiria, na unene wake huinua sakafu. Ukitaka gari la chini lenye sura ya michezo, lazima utafute mahali pa kuweka miguu. Porsche walipotengeneza Taycan mwaka 2019 walilazimika kuacha mashimo ndani ya betri ili abiria wa nyuma akae vizuri bila paa kuinuliwa. Asiyetaka usumbufu huo huinua gari zima. Hiyo ni sababu mojawapo ya magari mengi ya umeme kuwa marefu kwa kimo.

Upepo unavyolipiwa

Gari linapokwenda husukuma hewa, na nguvu inayohitajika kuisukuma hupanda haraka sana kadiri mwendo unavyoongezeka. Kwenye gari la petroli hasara hiyo hufichwa na hasara kubwa zaidi ya injini, ambayo hupoteza sehemu kubwa ya mafuta kama joto. Gari la umeme hupoteza kidogo sana kwenye mota, kwa hiyo ukinzani wa hewa unaonekana wazi kwenye kipimo cha chaji.

Tufanye hesabu. Chukua saluni ya chini yenye kipimo cha ukinzani wa hewa cha 0.21, na gari refu lenye mabega ya mraba na kipimo cha 0.33, huku uso wake wa mbele ukiwa mpana zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, hili la pili litatumia takriban kilowati-saa 7 zaidi kwa kila kilomita 100, kwa sababu ya hewa tu. Ukitaka magari yote mawili yafike kilomita 400, lile refu linahitaji nyongeza ya betri ya takriban kilowati-saa 28. Kwa bei ya dola 115, hiyo ni zaidi ya dola 3,000. Na betri hiyo ya ziada ina uzito wake, nao unahitaji breki kubwa, springi imara na tairi zinazokwisha mapema.

Wahandisi walilijua hili zamani. General Motors ilipotoa EV1 mwaka 1996, betri za wakati huo zilikuwa dhaifu, hivyo bodi ilichongwa hadi kipimo cha 0.19. Mercedes-Benz walirudia somo hilo mwaka 2022 kwa gari la majaribio la Vision EQXX, lenye kipimo cha 0.17. Lilisafiri kutoka Stuttgart, Ujerumani, hadi Cassis, Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000, kwa chaji moja na betri isiyofika kilowati-saa 100. Kwenye magari yanayouzwa madukani, Hyundai Ioniq 6 imefika 0.21, na Xiaomi SU7 iliyoingia sokoni China mwaka 2024 inatangazwa kwa 0.195.

Mteja anataka sura

Kama hesabu ni hiyo, kwa nini barabara zimejaa magari marefu? Mwaka 2023 magari ya mtindo wa jipu yalikuwa asilimia 48 ya magari yote yaliyouzwa duniani. Mnunuzi anapenda kukaa juu na kuona mbali, na kampuni inapenda faida kubwa inayopatikana kwa kila gari la aina hiyo. Matokeo yamefika mbali. GMC Hummer ya umeme ina zaidi ya tani 4, na betri yake peke yake inazidi tani moja.

Waliofuata upepo peke yake nao wameonja hasara. Mercedes-Benz EQS ya mwaka 2021 ilifika kipimo cha 0.20, lakini wateja wengi hawakuona hadhi waliyoizoea katika umbo lake la yai. Mwaka 2024 kampuni ilirudisha shoo yenye mistari na nyota ya kusimama juu ya boneti. GLC ya umeme iliyozinduliwa Septemba 2025 ina shoo kubwa inayoweza kuwaka kwa nukta 942 za taa. Jaguar nao, Desemba 2024, walionyesha gari la Type 00 lenye boneti ndefu mno, ingawa hakuna injini ya kuifunika. Mteja wa gari la kifahari yuko tayari kulipia sura, na kampuni zimekubali kumuuzia.

Katikati ya pande hizo mbili ndiko pesa nyingi ilikoangukia. Tesla Model Y, iliyoongoza kwa mauzo duniani mwaka 2023, ina kimo cha jipu dogo, lakini pua yake ni ya chini na paa lake linateremka taratibu hadi nyuma. Nissan Leaf, iliyoanza mwaka 2010 kama gari dogo la mlango wa nyuma, toleo lake jipya la mwaka 2025 limeingia kwenye umbo hilohilo. Kwa miaka kadhaa ijayo, gari la familia la umeme litafanana na haya.

Gari dogo, gari la kazi

Mjini, hesabu ya upepo hubadilika. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa hewa haina nguvu kubwa, na mota hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri kila dereva anapopunguza mwendo. Hapo umbo la sanduku halina hasara. Kinachohesabiwa ni viti, mzigo na wepesi wa kuegesha.

Wuling Hongguang Mini ya China, iliyotoka mwaka 2020, ina urefu wa mita 2.9 tu, betri yake ndogo ilianzia kilowati-saa 9, na bei ilianza chini ya dola 5,000. Citroën Ami ya Ufaransa, ya mwaka huohuo, imekwenda mbali zaidi katika kubana gharama: mlango wa kushoto na wa kulia ni kipande kimoja kilekile, kwa hiyo mmoja unafungukia mbele na mwingine nyuma. Kiwanda kinatengeneza kalibu moja badala ya mbili, na mwenye duka la spea anaweka aina moja ya mlango.

Kwenye magari ya mizigo, Kia PV5 ya mwaka 2025 imejengwa juu ya sakafu bapa inayoweza kubeba bodi ya abiria au ya mzigo. Pikapu zimepata taabu. Ford ilitangaza Desemba 2025 kusitisha F-150 Lightning kama gari la umeme tupu, na sasa inaandaa pikapu ya ukubwa wa kati ya takriban dola 30,000 kwa mwaka 2027. Kampuni changa ya Marekani, Slate, ilionyesha Aprili 2025 pikapu ya viti viwili yenye paneli za plastiki zisizopigwa rangi na vioo vya kupandisha kwa mkono. Bila chumba cha rangi, kiwanda kinakuwa na gharama ndogo, na bampa likivunjika linabadilishwa tu.

Kiwandani ni rahisi, gereji ni kazi

Njia mpya za kuunda bodi zinapunguza gharama upande mmoja na kuziongeza upande mwingine. Tesla ilianza kuunda sehemu ya chini ya nyuma ya Model Y kwa kumimina alumini kwenye kalibu kubwa, kipande kimoja kikachukua nafasi ya vipande 70 hivi. BYD Seal ya mwaka 2022 imeifanya betri kuwa sehemu ya bodi, kiasi kwamba kifuniko chake ndicho sakafu ya gari. Bodi inakuwa ngumu zaidi na sakafu inashuka kidogo.

Sasa lipeleke gari hilo kwa fundi bodi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi. Chuma kilichopinda hunyooshwa, huchomelewa na kupigwa rangi. Alumini iliyomiminwa hupasuka, na betri iliyobeba sakafu haiguswi bila mafunzo na vifaa maalumu. Gari likigonga jiwe chini ya betri, kampuni ya bima inaweza kulifuta kabisa hata kama halina mchubuko juu. Gharama hii haimo kwenye bango la bei yadi, lakini mnunuzi wa pili na wa tatu ndiye atakayeilipa.

Hata milango imeingia kwenye mjadala. Vitasa vinavyojificha ndani ya bodi vilisifiwa kwa kupunguza ukinzani wa hewa, lakini gari likipata ajali na umeme ukakatika, mwokoaji anaweza kukosa pa kushika. China imeagiza kwamba kuanzia Januari 1, 2027 magari mapya yawe na vitasa vinavyofunguka kwa mkono, nje na ndani. Huko Ulaya, shirika la majaribio ya usalama la Euro NCAP limeanza mwaka 2026 kutaka vitufe au swichi halisi kwa kazi muhimu kama honi, waipa na taa za tahadhari, kwa gari linalotafuta nyota tano. Kipindi cha kuondoa kila kitu kwa ajili ya wembamba na ulaini kinafika mwisho, na ni vyema kifike.

Umbo gani linatufaa?

Afrika Mashariki haianzi sifuri. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilionyesha gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na kampuni ya Kiira Motors imeendelea hadi basi la Kayoola EVS lenye sakafu ya chini na uwezo wa kubeba watu 90. Kampuni ya BasiGo imeweka mabasi ya umeme kwenye njia za matatu Nairobi tangu 2022, na huyaunganisha Thika. Arusha na Maasai Mara kuna magari ya safari yaliyoondolewa injini na kuwekwa mota, bodi zilezile zikiachwa kwa sababu zilikwisha kuthibitika porini.

Mifano hii ina hekima moja: bodi imechaguliwa kwa kazi yake. Basi la mjini liwe sanduku lenye milango mipana na sakafu ya chini, maana upepo haulisumbui na abiria ndio pato lake. Gari la Nairobi hadi Mombasa liwe la chini na laini. Gari la barabara ya vumbi na madimbwi liwe na nafasi ya kutosha chini na bamba imara la kukinga betri, hata kama litapoteza kilomita kadhaa za chaji. Kununua jipu la umeme la tani mbili na nusu kwa ajili ya foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, au Thika Road, Nairobi, ni kulipia betri ambayo kazi yake ni kujibeba yenyewe.

Wito wangu ni kwa mashirika ya viwango na kwa wanunuzi. TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya na wenzao waweke masharti kabla wimbi la magari ya umeme yaliyotumika halijafika: vitasa vya kufungua kwa mkono, kinga ya betri chini ya gari, na miongozo ya ukarabati inayopatikana kwa mafundi wetu. Vyuo vya ufundi vianze kufundisha ukarabati wa alumini na umeme wa volti kubwa sasa. Nawe mnunuzi, kabla ya kuuliza gari linachaji kwa dakika ngapi, chungulia chini yake, shika kitasa chake, uliza bei ya mlango na bampa, kisha jiulize utaliendesha barabara gani. Muuzaji asiyeweza kukujibu maswali hayo hastahili pesa yako.