Redio ya Lori Haizidi Antena Yake

Dereva mmoja wa semi alisimama kando ya barabara hapa Nsemulwa, akashuka na redio mkononi. "Fundi, hii imechoka. Nitafutie yenye wati nyingi." Akaeleza kuwa akishapita Sitalike na kuingia hifadhini Katavi, mwenzake aliye nyuma kilomita nne tu hamsikii. Niliijaribu redio ile kwa antena yangu, ikasikika safi. Nikapanda ngazi ya kebini kuangalia. Antena ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa kioo cha pembeni, zaidi ya nusu yake ikiwa chini ya paa, na nati ya kitako imekalia rangi nene ambayo haijawahi kukwanguliwa. Redio haikuwa na ugonjwa wowote.

Hili nakutana nalo sana, na linanisikitisha kwa sababu linawala watu pesa bure. Mtu anajinyima anunue redio nzuri, antena anaokota yoyote iliyopo. Kumbe hata penye uwazi mtupu, ukitaka sauti ifike mara mbili ya umbali wa awali unahitaji wati mara nne. Penye msitu wa miombo, unahitaji zaidi ya hapo. Antena iliyokaa sawasawa inakupa tofauti hiyo bila kuongeza hata wati moja.

Anza na urefu. Kila masafa yana urefu wa wimbi lake: gawanya 300 kwa idadi ya megahezi, jibu ni mita. Redio za CB, yaani zile za mazungumzo ya raia, zilipewa bendi ya megahezi 27 huko Marekani mwaka 1958. Madereva wa malori wa nchi hiyo walizikimbilia wakati wa uhaba wa mafuta wa 1973, ili waambiane ni kituo gani bado kina dizeli. Wimbi lake ni la mita 11. Antena ya kawaida ya gari ni robo ya wimbi, kwa hiyo ya CB kamili inakaribia mita 2.7. Redio koli ya VHF inayotumia megahezi 150 ina wimbi la mita 2, na robo yake ni sentimita 50.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Lori lililotumika Ulaya linaweza kufika na fimbo ya CB bado imesimama juu. Mwenye gari anafunga redio ya VHF, anachomeka waya huohuo, anaona taa zinawaka, anaridhika. Lakini fimbo ile haikukatwa kwa masafa hayo. Sehemu ya nguvu ya redio haiendi hewani. Inarudi kupitia waya na kuichemsha redio yenyewe.

Wakazi wa Mpanda waliowahi kuona magari ya mashirika ya wakimbizi, yale ya kwenda Katumba na Mishamo, wanaijua antena ndefu na nene kwenye bampa la mbele. Ile ni ya redio ya HF, ambayo wengine wanaiita redio ya upepo. Kwenye megahezi 5 wimbi lina mita 60 na robo ni mita 15, urefu ambao hakuna gari linaloubeba. Kwa hiyo ndani ya antena huwekwa koili, na kifaa cha kuilinganisha kwa kila masafa. Mawimbi yake hupanda angani yakarudi ardhini mbali sana, ndiyo maana gari lililo porini huweza kuongea na ofisi iliyo umbali wa mamia ya kilomita. Usitegemee hayo kwa CB. Hiyo ni ya msafara: lori kwa lori, kilomita chache msituni, na kumi au zaidi mkiwa mahali pa wazi.

Fimbo ya mita 2.7 juu ya kebini yenye kimo cha mita 3 inakaribia mita 6. Matawi ya miembe yataivunja, na nyaya za umeme zilizolegea ni hatari ya kifo. Ndiyo sababu CB za malori hutumia fimbo fupi zenye koili. Koili inaidanganya redio ione urefu ambao haupo, lakini kila unapozidi kufupisha ndivyo unavyopoteza nguvu. Zile za sentimita 40, ambazo hupendwa kwa kuwa hazigusi kitu, mimi sizifungi kwenye lori la safari. Chagua fimbo ya fiberglasi ya mita 1.2 hadi 1.5, ambayo waya wake umezungushwa zaidi kuelekea juu. Inapinda tawi linapoigonga, kisha inarudi.

Urefu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni bati la gari, maana fimbo huhitaji chuma chini yake ili mawimbi yapate pa kujisukumia. Chukua sumaku, ipitishe juu ya kebini. Inaposhika, pana chuma. Isiposhika, kama kwenye vikinga upepo vingi vya malori makubwa, hapo ni fiberglasi na antena ya kawaida haitafanya kazi vizuri. Mahali bora ni katikati ya paa la chuma. Ikishindikana, funga kwenye mkono wa kioo, lakini koili yote ivuke paa. Kontena refu nyuma ya kebini litazuia sauti ya nyuma hata ufanye nini, kwa hiyo ipandishe fimbo kadiri inavyowezekana. Na usivutwe na antena mbili, moja kila kioo. Kwa CB zinataka kutengana karibu mita 2.7, nafasi ambayo kebini nyingi hazina. Moja iliyofungwa vizuri inatosha.

Kitako kikwanguliwe rangi hadi chuma kitupu, kifungwe kwa nguvu, kipakwe grisi, na mkono wa kioo uunganishwe na bodi kwa mkanda wa shaba. Barabara za vumbi hutikisa nati hadi zikalegea. Zikague kila unapokagua za magurudumu. Kitako cha sumaku kinafaa kwa teksi ya mjini, kwenye lori tawi moja tu linakiangusha.

Waya nao. Niliwahi kuchana waya wa koaksio uliopitia masika mawili na ncha yake ya juu haijazibwa. Shaba ya kusokotwa iliyopaswa kung'aa ilikuwa nyeusi kama masizi, karibu mita nzima kutoka juu, na nilipouminya ulitoa maji. Maji yakishaingia waya hautengenezeki, ununue mpya. Ziba kiungio kwa mpira, na uache waya ulegee kidogo chini yake ili mvua ichuruzike nje.

Kisha pima. Kifaa kinaitwa mita ya SWR, nacho huonyesha kiasi cha nguvu kinachorudi. Uwiano wa 1.5 maana yake ni asilimia 4 tu inayorudi. Ukifika 3, robo nzima inarudi, acha kuongea. Pima milango ikiwa imefungwa, mbali na mabati ya nyumba. Kwa CB linganisha chaneli ya 1 na ya 40: ikisoma juu zaidi kwenye 40, fimbo ni ndefu, ipunguze kidogo kidogo, ikisoma juu zaidi kwenye 1, ni fupi.

Malori mengi yana volti 24 na redio hizi zinataka 12. Usivute umeme kutoka betri moja kati ya mbili, utaziua zote. Weka kipunguza volti. Na wanaopeleka mizigo kwenye machimbo ya dhahabu: fataki za umeme huweza kulipuliwa na mawimbi ya redio, kwa hiyo zimeni kabisa kabla ya kukaribia eneo la ulipuaji.

Kabla ya yote hayo, nenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, uulize kibali na masafa utakayoruhusiwa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ndiyo inayosimamia jambo hili, na fimbo haiwezi kukatwa sawasawa kabla ya kujua masafa. Ukishafunga redio, nakuomba jambo moja: usibonyeze kitufe cha kusemea kabla antena haijachomekwa, hata kwa kujaribu sekunde moja. Redio nyingi ninazoletewa zikiwa zimeungua ziliungua namna hiyo.