Kichezeo Kisichochezewa: Wanasesere wa Kisanii na Hamu ya Utotoni

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, nomino kichezeo hujieleza yenyewe. Mzizi -chez- unapoambatishwa kiambishi cha kutendea -e- na kiishio -o, kisha ukatanguliwa na kiambishi ngeli ki-, hupatikana jina la kitu ambacho mtu hukichezea. Kwa hiyo mchezo si sifa ya ziada ya kichezeo, bali umo ndani ya umbo la neno lenyewe. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 pametokea, hususan huko Japani na Hong Kong, wanasesere ambao hubuniwa na wasanii, hutengenezwa kwa idadi maalumu, hununuliwa na watu wazima, na aghalabu hawatolewi masandukuni mwao. Makala haya yanafafanua asili na utendaji wa wanasesere hao wa kisanii. Hoja inayotetewa ni kwamba mwanasesere wa kisanii ni kichezeo kilichoondolewa mchezo na kutiwa kumbukumbu, na kwamba badiliko hilo hukifanya kitu kilichokuwa cha watoto wote kuwa mali ya wachache.

2.0 Dhana ya hamu ya utotoni

Istilahi nostaljia iliundwa mwaka 1688 na Johannes Hofer katika tasnifu yake ya utabibu huko Basel, Uswisi. Aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja likiwa na maana ya kurejea nyumbani na jingine maumivu, ili kuutaja ugonjwa uliodhaniwa kuwapata watu waliokuwa mbali na kwao. Baadaye maana hiyo ilihama kutoka mahali hadi wakati. Tofauti hii ni ya msingi. Aliye mbali na nyumbani aweza kupanda chombo akarudi. Aliye mbali na utoto wake hana chombo cha kupanda. Ndiyo maana hutafuta kitu cha kushika mkononi badala ya kile kisichoweza kurejea. Katika makala haya dhana hiyo inaitwa hamu ya utotoni, kwa kuwa neno hamu hubeba pamoja kutamani na kukosa.

3.0 Chimbuko la wanasesere wa kisanii

Wanasesere hawa hawakuzuka patupu. Mwaka 1966 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha tamthilia ya Ultraman, shujaa anayepambana na madubwana, na mwaka huohuo kampuni ya Marusan iliuza madubwana ya plastiki laini. Mtoto aliyetazama pambano jioni aliweza kulirudia sakafuni kesho yake. Watoto wa namna hiyo walipokuwa watu wazima wenye mishahara, baadhi yao walianza kuvitafuta tena vichezeo vya zamani, na soko la wakusanyaji likaota mizizi.

Hong Kong, ambayo viwanda vyake vilikuwa vimeilisha dunia vichezeo kwa miongo kadhaa, ndiko alikotokea Michael Lau. Yeye alianza kwa kuwageuza wanasesere wa G.I. Joe, askari walioingizwa sokoni na kampuni ya Hasbro ya Marekani mwaka 1964. Mwaka 1999 alionyesha wanasesere wa mfululizo wake wa Gardener, wenye urefu wa inchi 12. Hawa hawakuwa askari tena, bali vijana wa mjini kwa mavazi na mwenendo. Mwaka huohuo Mmarekani Brian Donnelly, ajulikanaye kwa jina la KAWS, alishirikiana na kampuni ya Bounty Hunter ya Japani kutoa wanasesere 500 walioitwa Companion.

4.0 Mwanasesere kama ishara

Companion anastahili kuchambuliwa kwa kina. Mwili wake, yaani kaptura, glavu na viatu vikubwa, unamrejelea waziwazi Mickey Mouse. Lakini kichwa chake ni fuvu lenye mifupa iliyopishana, na machoni pana alama za X. Kwa mtazamo wa de Saussure, ishara ina pande mbili: kiashiria na kiashiriwa. Mwanasesere wa kawaida wa Mickey humwashiria mhusika wa filamu, naye mtoto humsemesha na kumpa matendo mapya. Companion huichukua ishara hiyo nzima na kuifanya kiashiria cha jambo jingine: burudani ya utotoni iliyokwisha kufa, lakini ambayo mtazamaji bado anaitambua umbo lake. Muundo huu wa ishara juu ya ishara ndio alioueleza Roland Barthes mwaka 1957. Hapo mchezo hauna nafasi kubwa, kwa kuwa ujumbe umekwishakamilika.

Utambuzi huo ndio unaojenga ushabiki. Asiyemjua Mickey hauoni mzaha. Amjuaye hujiona kuwa miongoni mwa wazungumzaji wa lugha moja. Kwa hiyo rafu ya mkusanyaji si ghala, bali ni usemi unaowaambia mashabiki wenzake alikua akitazama nini. Ni makosa, basi, kuuona ukusanyaji wote kuwa ni utoto usiokoma.

5.0 Uhaba na bahati

Pamoja na hayo, usemi huo una bei yake. Madubwana ya mwaka 1966 yalikusudiwa kuwafikia watoto wengi iwezekanavyo, na raha yake ilikuwa kushirikiana. Mwanasesere wa kisanii hupata thamani kwa kuadimika. Kampuni ya Medicom Toy, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1996, ilizindua dubu wake aitwaye Bearbrick mwaka 2001. Umbo lake ni lilelile, na kimo chake cha kawaida ni sentimita 7. Kinachobadilika ni rangi na michoro. Wengi huuzwa katika visanduku vya bahati, ambavyo mnunuzi hajui kilichomo mpaka avifungue.

Labubu, aliyebuniwa na msanii Kasing Lung mwaka 2015 na kuanza kuuzwa na kampuni ya Pop Mart ya China mwaka 2019, anadhihirisha hatua ya mbali zaidi. Katika baadhi ya mifululizo yake, uwezekano wa kumpata mwanasesere wa siri ni 1 kati ya 72. Mwezi Juni 2025, Labubu mwenye kimo cha sentimita 131 alinadiwa Beijing kwa zaidi ya yuani milioni 1. Mtu mzima amnunuaye hakukua naye. Hamu anayouziwa ni ya utoto ambao hakuwahi kuuishi. Aidha, mwongozo uliotolewa na serikali ya China mwaka 2023 unakataza visanduku vya bahati kuuzwa kwa watoto wenye umri chini ya miaka 8. Katazo hilo ni la haki, kwani linawakinga watoto na jambo linalokaribia kamari. Lakini pia linathibitisha kwamba kichezeo kimefika mahali ambapo mtoto ndiye asiyeruhusiwa kukinunua.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba wanasesere wa kisanii huhifadhi umbo la burudani ya utotoni huku wakipoteza matumizi yake, na kwamba pengo hilo hujazwa na kumbukumbu, utambuzi wa mashabiki na uhaba. Kwa upande wa istilahi, inapendekezwa kwamba Kiswahili kitumie mwanasesere wa kisanii, kwa kuwa mwanasesere hutaja umbo, na kwamba neno kichezeo libakizwe kwa kitu kinachochezewa kweli. Gari la waya linalosukumwa na mtoto wa Afrika Mashariki huchakaa kwa kuchezewa, na kuchakaa huko ni sehemu ya kazi yake. Vitu hivi viwili vikiitwa kwa jina moja, lugha itaficha tofauti ambayo mtoto mwenyewe anaiona bila kuelezwa.