Pikipiki Imegoma Kitonga: Utengeneze, Usogeze au Upakie?

Pancha ya Morogoro mjini na pancha ya katikati ya hifadhi ya Mikumi ni tundu lilelile, lakini bei zake hazifanani. Mjini unasukuma hatua chache hadi kwa fundi aliyekaa chini ya mwembe na beseni lake la maji, unalipa shilingi 1,000 au 2,000, safari inaendelea. Ndani ya hifadhi, ambamo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inapita kwa kilomita kama 50 na nyati wanavuka wanapotaka wenyewe, hakuna fundi wala kibanda, na kusukuma pikipiki kwa miguu ni kujitafutia balaa. Utamwomba mwenye pikapu au lori akutoe hadi Mikumi mjini au akurudishe Doma, umlipe, ndipo uanze kulipia kiraka. Kwa safari ya kilomita zipatazo 830, kutoka Dar hadi Mbeya, gharama kubwa ya ubovu hutokana na mahali ulipoharibikiwa na saa yenyewe. Bei ya spea huja baadaye.

Ninazungumzia pikipiki tulizonazo wengi: Boxer, TVS, na zile za Kichina zenye injini ya fimbo zilizoiga Honda CG125 ya mwaka 1976. Spea zake zinapatikana hata kwenye miji midogo ya njiani, na fundi wa kijijini anazijua kwa kusikiliza tu mlio. Wageni wanaoshuka kutoka Cairo kwenda Cape Town kwa mapikipiki makubwa hupita barabara hiihii, na pampu ya mafuta ikiwafia wanasubiri kifurushi cha ndege na kulipia ushuru juu yake. Hapo mwenye Boxer ndiye tajiri.

Kabla ya kulinganisha bei yoyote, jiulize jambo moja: ubovu huu unatengenezeka bila kufungua injini? Kama ndiyo, tengeneza hapohapo. Kama sivyo, usikubali boliti hata moja ya injini ifunguliwe kando ya barabara kabla hujapiga hesabu.

Tuanze na tairi, maana ndilo linalosumbua kuliko vyote. Kiraka cha gundi ni cha haraka na cha bei ndogo, lakini ukibeba mzigo na abiria juu ya lami ya saa nane mchana, tyubu huchemka na kiraka kinaweza kubanduka kabla hujafika unakokwenda. Kiraka cha moto kinachukua muda zaidi na kinashika vizuri zaidi. Kikipatikana, ongeza hiyo mia tano au elfu uchague hicho. Tundu likiwa kwenye shina la vali, usilipie kiraka cha aina yoyote, kwa kuwa hakitadumu. Tyubu mpya inagharimu mara kadhaa ya kiraka, na kwa safari ndefu naona ndiyo rahisi kuliko zote: funga mpya mara moja, ile ya zamani izibwe jioni mkiwa mmepumzika, ibaki akiba. Kuna pia dawa ya kumimina ndani ya tyubu. Inaziba tundu la mwiba vizuri, mpasuko haiuwezi, na fundi atakayekuja kuziba baadaye atakununia kwa sababu gundi haishiki kwenye tyubu iliyolowa. Lolote utakalochagua, mwombe fundi apapase ndani ya tairi lote kabla ya kulirudisha. Mwiba uliobaki humo utakulipisha mara ya pili kilomita chache mbele.

Baada ya tairi huja vitu vidogo: cheni, plagi, waya wa klachi, waya wa mafuta, fyuzi. Hivi havina sababu ya kumlaza mtu njiani. Pikipiki nyingi za ukubwa huu zinatumia cheni ya namba 428, kwa hiyo loki moja ya namba hiyo ni kitu cha kuwekwa mfukoni na kusahaulika. Ongeza plagi, nyaya hizo mbili, tyubu ya mbele na ya nyuma za namba iliyoandikwa ubavuni mwa matairi yako, pampu ya mkono na spana. Kwa hesabu yangu mfuko huu hauzidi gharama ya kulala gesti siku mbili na kula hotelini, na utaufungua zaidi ya mara moja. Waya wa klachi ukikatika saa kumi jioni ukiwa umeshapita Ilula, mwenye waya anapoteza nusu saa. Asiye nao anapoteza mwanga wa jua, kisha analipa bei atakayotajiwa na wa kwanza kusimama.

Nunua mfuko huo mjini kabla ya kuondoka. Kariakoo kuna orijino na kuna feki zilizofungwa kwenye maboksi yanayofanana, na tofauti ya bei inaweza kuwa elfu moja au mbili tu. Kwenye plagi, nyaya na cheni, toa hiyo elfu mbili na udai risiti. Kwenye taa za indiketa, feki haimzuii mtu kufika Mbeya.

Kuna ubovu mwingine ambao watu hujinunulia wenyewe: petroli ya chupa. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi, lakini bei hiyo ni ya kituo, haimfikii anayepanga chupa mezani kando ya barabara. Yeye atakuuzia ghali zaidi, na kama ndani kuna mafuta ya taa, pikipiki itaanza kukosa nguvu na plagi itajaa masizi. Ni gharama isiyo na sababu. Kutoka Morogoro hadi Iringa ni kama kilomita 310. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita inahitaji lita zisizofika 8, na tenki la Boxer 150 linazibeba bila shida. Jaza Morogoro, jaza Iringa. Ukilazimika kununua chupa, chukua lita moja ya kukufikisha kwenye kituo kinachofuata, basi.

Sasa mlima wa Kitonga, njiani kuelekea Iringa. Injini hizi hupozwa na upepo, na kwenye mlima ule, gia ya pili, mzigo nyuma, lori mbele linalotambaa, upepo wenyewe haupo. Kama oili ilikuwa imepungua, hapa ndipo injini inaponoki. Tiba ya kwanza ni bure: zima, kaa kivulini saa nzima, kisha pima oili na ukanyage kiki taratibu. Ikishuka kwa kawaida na hakuna mlio wa chuma kugonga chuma, ongeza oili na uende polepole. Kiki ikikataa kushuka, umeingia kwenye hesabu nyingine, ya makumi ya maelfu.

Ukirudi chini ya mlima hadi Ruaha Mbuyuni utampata fundi wa kuifungua leo hii kwa ufundi wa bei nafuu. Bei hiyo inapendeza kwa sababu haijakamilika. Pistoni na ringi zitaagizwa Morogoro au Dar, utalipa kwa simu, zitakuja na basi kesho. Silinda iliyochubuka inahitaji kuchongwa kwa mashine, na mashine iko mjini. Saizi ya pistoni ikija sivyo, ongeza siku. Gesti ya kawaida ni shilingi 15,000 hadi 25,000 kwa usiku, hujala. Na kama pikipiki ni ya mtu na unapeleka hesabu kila siku, kila jua linalotua lina deni lake. Mpigie mwenye mali kabla fundi hajashika spana, vinginevyo ugomvi utakuwa ghali kuliko pistoni.

Mimi ningeisogeza hadi Iringa, ambako spea na karakana viko karibu. Usafiri wa kupanda huko mara nyingi ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Fuso zinazoshusha vitunguu vya Mbuyuni na nyanya za Ilula huja Dar zimejaa na kurudi na nafasi. Anayepanda mlima na bodi tupu atakubali fedha ndogo. Anayeshuka na shehena atakutajia bei ya kukufukuza. Kwa hiyo mwelekeo wa safari yako ni sehemu ya bei. Aliyeharibikiwa akienda Mbeya asogeze mbele. Aliyeharibikiwa akirudi Dar huenda akapata nafuu kurudi Iringa kwanza, hata kama moyo unataka nyumbani.

Wa kutegemea bima wajue mapema: bima ndogo inamlipa uliyemgonga, na hata bima kubwa ni ya ajali, moto na wizi. Pistoni iliyokwisha ni yako.

Kupakia pikipiki kwenye buti la basi hadi nyumbani kunafaa pale tu jumla ya spea, fundi, gesti na siku zilizopotea inapozidi gharama ya mzigo na matengenezo ya nyumbani. Tofauti na abiria, ambaye LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilimpangia Desemba 2023 shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida kwenye lami, pikipiki ni mzigo wa kupatana. Konda aliyesimamishwa porini anakuona ulivyochoka na anapanga bei kwa kukutazama usoni. Ofisini stendi, Iringa au Makambako, unaweza kuuliza madirisha matatu na kurudi kwenye la kwanza. Lori linaweza kuwa nafuu zaidi, ila halina stakabadhi wala saa ya kufika, na pikipiki isiyofungwa vizuri kwenye bodi hufika na tenki lililobonyea.

Kabla haijaingizwa, mwaga petroli yote, vua vioo, ziba panapovuja oili, piga picha pande zote. Stakabadhi iandikwe namba ya usajili na namba ya chesisi, isiandikwe “pikipiki 1” tu. Kadi usiiache chini ya kiti, panda nayo.