Soma kopo mbele ya kupakaa: ile tunafanya ku kazi, tuifanye na ku nyumba

Ku kazi, hakuna mtu anafungua pipa ya asidi mbele ya kuangalia etiketi. Ni haki tuliyoipigania sisi wa sindika: jina la kitu kilichomo, alama ya hatari, namna ya kujikinga, na cha kufanya kama inamwangukia mtu ku ngozi. Delege akikuta pipa bila etiketi, anasimamisha kazi. Lakini siku ya mshahara tunapita ku soko, tunanunua kopo ya krema ambayo hatujui hata nani aliitengeneza, na inapakwa ku uso, ku shingo na ku mikono, asubuhi na mangaribi. Mtoto anayenyonya anaigusa. Hakuna delege wa kusimamisha.

Ngozi ya ku kazi na ngozi ya ku nyumba ni moja. Juu ya hiyo, leo tuzungumze habari ya krema, sabuni na pomadi, hasa zile za kufanya mtu mweupe. Hatusemi mama asijipambe, na baba vilevile, sababu wababa wanaopakaa ni wengi kuliko wanaokubali. Tunasema mtu ajue kile anachonunua na makuta yake.

Vitu vitatu vya kukimbia

Cha kwanza ni merkiri, ambayo wengine wanaiita zebaki. Ndugu zetu wachimbaji wa zahabu wa Kamituga wanaijua vizuri: njo ile maji ya feza inayoshika zahabu, na ukiichoma moshi yake inaua pole pole. Chumvi za ile ile merkiri zinawekwa mu sabuni na krema za kungʼarisha, sababu zinazuia ngozi isitengeneze rangi yake. Shirika la afya la dunia, OMS, linasema sabuni za namna hiyo zinaweza kuwa na asilimia 1 hadi 3 ya chumvi ya merkiri, na krema asilimia 1 hadi 10. Merkiri inapita ngozi, inaingia mu damu na kuharibu figo. Inagusa pia mishipa ya fahamu: mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau, hasira bila sababu. Kwa mama mwenye mimba, inamfikia mtoto tumboni. Na hata asiyepakaa anaweza kuipata kupitia taulo, shuka na mikono ya yule anayepakaa.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mu 2013 na kuanza kazi mu 2017, ulikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza inje vipodozi vyenye merkiri kupita miligrama 1 kwa kilo, kuanzia mwisho wa 2020. Fanya hesabu: krema yenye asilimia 1 ya merkiri imepita kipimo hicho mara 10 000. Mu 2023 inchi za mkataba zilikubaliana kuondoa hata kile kipimo kidogo: hakuna merkiri hata kidogo mu vipodozi kuanzia 2025. Lakini mkataba uko ku karatasi, na kopo iko ku soko.

Cha pili ni hidrokinoni. Mwanzo inaonekana inafanya kazi vizuri. Kisha, kwa mtu anayeipakaa muda mrefu, ngozi inaweza kugeuka: madoa meusi ya rangi ya buluu yanatokea ku mashavu na ku viungo vya vidole, na hayaondoki kwa urahisi. Mtu anazidisha krema ili aondoe madoa, na madoa yanazidi. Ulaya iliikataza mu krema za ngozi tangu 2001. Kule munganga tu njo anaweza kuiandika.

Cha tatu ni dawa za kortikoidi, kama clobetasol na betamethasone. Hizi ni dawa za kweli za famasi, za kuponya magonjwa fulani ya ngozi kwa siku chache, na munganga akiangalia. Mtu akipakaa mwili wote miezi na miaka, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inajaa michirizi, kidonda kinachelewa kupona. Munganga wa kupasua anapata shida kushona ngozi ya namna hiyo. Tena dawa inaingia mwilini: inaweza kupandisha tansyo na sukari.

Namna ya kusoma kopo

Geuza kopo. Mbele ni matangazo: «naturel», «bio», «bila hatari», picha ya mwanamke mzuri. Nyuma njo kuna habari. Tafuta neno «ingrédients» ao «ingredients». Vitu vinaandikwa kwa kufuata uzito: chenye kuwa kingi kinakuwa cha kwanza, mara nyingi «aqua», maana yake maji. Vile vyenye kuwa chini ya asilimia 1 vinaandikwa mwisho, bila kufuata uzito. Kwa hiyo soma paka mwisho.

Majina ya kukimbia ni haya. Kwa merkiri: «mercure», «mercury», «mercurio», «Hg», «calomel», «mercuric iodide», «mercurous chloride», «ammoniated mercury». Kwa hidrokinoni: «hydroquinone». Kwa kortikoidi: kila jina linaloanza na «clobetasol», «betamethasone» ao «fluocinonide».

Kuna watengenezaji wanaoficha. Lakini hata wao wanaacha alama. Kama kopo inakuambia usiguse nayo feza, zahabu, aluminium, kauchu ao vito vya kujipamba, jiulize: krema gani inaogopa pete? Merkiri njo inakula zahabu na feza. Mchimbaji hahitaji mwalimu wa kumweleza hiyo. Alama ingine ni krema inayogeuka rangi ya majivu ao ya kijani ikikaa ku mwangaza.

Angalia tena jina la aliyetengeneza na inchi yake, namba ya loti na tarehe ya kuharibika. Kale kapicha ka kopo iliyofunguliwa, kenye «12M», maana yake ni miezi 12 tangu siku ya kufungua. Kopo isiyo na hata kimoja mu hivi, ao ile inayochanganywa ku meza ya muuzaji na kupimwa na kijiko, ni kama pipa bila etiketi ku kazi. Iache palepale.

Kwa nini hii ni habari ya sindika

Sababu ya kwanza ni kobalti. Kobalti inaleta alerji ku ngozi: vipele, kuwasha, mikono kupasuka. Hiyo ni shida ya kazi. Mfanyakazi akijipaka tube ya kortikoidi aliyouziwa barabarani, vipele vinashuka siku chache, naye anarudi mu vumbi ile ile. Ugonjwa umefichwa, haujapona. Siku atakapodai haki yake, mwajiri anaweza kuonyesha kidole ile tube na kusema: umejiharibu mwenyewe. Ukiona mikono inabadilika, enda ku munganga wa kazi, omba iandikwe mu karatasi zako, na umwambie delege. Kila siku, nawa na maji na sabuni ya kawaida, usinawe na esansi. Kisha paka vazelini. Ni kitu cha bei ndogo na ngozi inaikubali.

Sababu ya pili ni jua. Rangi yetu nyeusi ni kinga. Anayeshinda mu karyere ya wazi, na mama anayechagua mawe ao kuuza ku barabara, wakiiondoa hiyo kinga wanaungua, na hatari ya kansa ya ngozi inaongezeka.

Sababu ya tatu ni maji. Tunalalamika, na tuko na haki, juu ya maji machafu ya usine yanayofika mu mito yetu. Lakini sabuni ya merkiri nayo inaosha mwili na kushuka mu mufereji, na mufereji inaenda mu mto. Kule Minamata, mu Japani, ambako mkataba ulipata jina lake, usine ilimwaga merkiri mu bahari. Ikaingia mu samaki, na watu waliokula samaki wakapooza, watoto wakazaliwa na ulemavu. Ugonjwa ulitambuliwa mu 1956. Kopo moja haiwezi kulinganishwa na usine, lakini merkiri haiozi. Ile inayoingia mu matope ya mto inakaa. Na kopo ya namna hiyo usiichome mu moto wa takataka: moshi yake ni ile ile ya wachimba zahabu. Ifunge mu sashe mbili, iweke mbali na watoto, na uulize ku ofisi ya afya ya karibu namna ya kuitupa.

Tena tukumbuke: vipodozi vyenyewe vinatoka mu shimo. Ile kungʼaa mu rangi ya midomo na poda ya macho mara nyingi ni mika, inayoandikwa «mica» ao «CI 77019». Mika mingi inachimbwa Uhindi na Madagaska, na watoto wanaokota mu mashimo kule, kama tunavyoona watoto ku karyere zetu za kobalti. Mtu wa Ulaya tunamuuliza kama anajua kobalti ya simu yake imetoka wapi. Nasi tuulize mika ya poda yetu imetoka wapi.

Cha kufanya tangu wiki hii

Leta makopo yote ya nyumba ku meza, mume na bibi pamoja, bila kugombana. Soma kila moja. Kama maandishi ni madogo, mpe mwanafunzi wa sekondari akusomee.

Kama umepakaa kortikoidi muda mrefu, usiache kwa siku moja bila kuona munganga: mwili umezoea, na kuacha ghafula kunaweza kukuangusha. Ukienda ku hospitali na miguu imevimba, ao tansyo iko juu, chukua kopo mu mfuko umwonyeshe. Usifiche juu ya haya. Munganga asiyejua kuna merkiri hatatafuta merkiri.

Wandugu delege, komite ya usalama na usafi iko na mikutano yake. Wekeni habari hii ku programu, na muwaalike wamama wa kambi. Kusoma etiketi ya asidi kulituchukua muda, na leo kila kijana wa usine anajua. Ya krema haitatuchukua muda mrefu: majina ya kukimbia hayafiki hata kumi na tano. Kata ukurasa huu, ubandike karibu na kioo.